Miaka Bandani: Sayansi ya Kuchagua Gari la Wazi Songea

Kwa muda mrefu, mtu wa Songea aliyetamani gari la chini, la viti viwili na paa la kukunja, alikuwa akitamani mateso. Leo lami inatoka mjini pande tatu: kaskazini kupitia Njombe hadi Makambako, mashariki kupitia Namtumbo na Tunduru hadi Masasi na Mtwara, na magharibi kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay. Hii ya magharibi, inayojikunja katika milima ya Umatengo kabla ya kuteremka Ziwa Nyasa, naihesabu miongoni mwa barabara zinazopendeza zaidi nchini kwa gari jepesi. Kiangazi nacho ni kirefu. Kuanzia Mei hadi karibu Novemba mvua ni za nadra, na mwenye gari la wazi anaweza kushusha paa wiki baada ya wiki bila kutazama mawingu.

Soko la magari haya si kubwa. Mazda MX-5, ambalo mwanzoni Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, lilizinduliwa mwaka 1989, na kufikia 2016 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni moja. Hakuna gari la wazi la viti viwili lililowahi kuuzwa kwa wingi kama hilo. Katika daraja la anasa kuna Mercedes-Benz SLK na Porsche Boxster, yote mawili ya mwaka 1996, kisha BMW Z4 lililoanza 2002. Japani na Uingereza huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo magari ya aina hii yenye usukani wa kulia hutafutwa zaidi huko.

Yote haya yana tabia moja ambayo mnunuzi wetu hajaizoea. Ni magari ya mapumziko. Mwenyewe ana gari jingine la kwendea kazini; hili hutolewa Jumapili jua likiwaka, halafu hurudi bandani kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ni kawaida kukuta gari la miaka 15 lenye kilomita 40,000 tu. Sisi tumelelewa na swali moja, "limetembea kilomita ngapi?", kwa sababu magari tunayoyajua ni ya kazi na huchoka kwa kutembea. Tukiona 40,000 tunadhani tumepata gari changa. Injini yake huenda kweli ni changa, kwa kuwa chuma hakijasuguana sana na chuma. Lakini vingi vinavyoharibika kwenye gari la wazi haviharibiwi na safari. Huharibiwa na miaka: raba, turubai, sili, mafuta ya breki na maji yaliyotuama. Kemia hufanya kazi hata gari likiwa limezimwa.

Tuanze na paa, maana ndilo linalolitofautisha gari hili na mengine. Paa la chuma la gari la kawaida hufanya kazi kubwa kuliko kuzuia mvua. Huunganisha nguzo za mbele na za nyuma na kulifanya bodi zima kuwa umbo lililofungwa, na umbo lililofungwa hukataa kupindishwa. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko kilichogundishwa, ujaribu kulisokota. Kisha ng'oa kifuniko ulisokote tena. Waundaji wa magari ya wazi hufidia upungufu huo kwa kunenepesha boriti zinazopita chini ya milango na kuongeza vyuma vya kukaza chini ya sakafu. MX-5 la kwanza lilifungiwa pia fremu ya alumini iliyounganisha gia boksi na difu, ili sehemu hizo zisinesenese kila moja kivyake.

Kwa hiyo katika gari la wazi, boriti ya chini ya mlango ndiyo uti wa mgongo. Ikiliwa na kutu, gari linakuwa legevu: kioo cha mbele kinatetemeka kwenye mashimo, milango inaanza kugoma kufunga vizuri, na kwenye ajali abiria hana kinga aliyokusudiwa. Balaa ni kwamba boriti hiyo hiyo ndiko maji ya paa yanakopitia. Turubai haliunganishwi na bodi bila mwanya. Maji yanayoteremka nyuma yake hupokelewa na mfereji, kisha hushuka kwa mipira miembamba ndani ya bodi na kutokea chini. Kwenye MX-5 za mwanzo mipira hiyo hupita nyuma ya milango na kutoa maji karibu na boriti, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Jani moja na vumbi kidogo vinatosha kuiziba. Maji yakikosa njia hujaa ndani ya chuma na kukila kutokea ndani, huku rangi ya nje ikimeta. Unapokuja kuona uvimbe mdogo mbele ya tairi la nyuma, ndani pameshaoza.

BMW Z4 la kizazi cha kwanza lina udhaifu wa namna hiyo hiyo unaojulikana sana kwa mafundi: mota ya haidroliki inayokunja paa imewekwa katika kishimo ambamo maji ya mvua hupita. Tundu la kishimo likiziba, mota huzama na kuungua. Sasa fikiria Songea. Miezi ya kiangazi hujaza vumbi jekundu katika kila mwanya wa gari, kisha mvua huanza kabla ya Krismasi na kuendelea hadi Aprili, nyingi na nzito. Vumbi likikutana na maji ya kwanza linakuwa tope, na tope likikauka ndani ya mpira linakuwa kizibo. Gari lililoishi miaka kumi Osaka bila tatizo linaweza kuziba hapa kwa msimu mmoja.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mwaga maji polepole, nusu lita hivi, katika mfereji ulio nyuma ya paa upande mmoja, halafu inama uone yanatokea wapi na kwa kasi gani. Rudia upande wa pili. Inua zulia nyuma ya viti na ubonyeze sifongo lililo chini yake kwa kidole. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe akufanyie hivyo mbele ya kamera ya simu. Akikataa, tafuta gari lingine.

Jua nalo lina hesabu yake. Songea iko karibu nyuzi 10.7 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu ya mji mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Februari na tarehe 21 Oktoba. Februari mawingu hutukinga. Oktoba anga ni jeupe, na mji ukiwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hewa inayochuja mionzi ya urujuanimno ni pungufu kuliko ya pwani. Mionzi hiyo hukata minyororo ya molekuli katika plastiki na nyuzi. Kioo cha nyuma cha plastiki, kilichowekwa kwenye mapaa mengi ya turubai ya miaka ya 1990, hugeuka njano na kupasuka. Magari ya baadaye yalipewa kioo halisi, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuchagua toleo moja na kuacha jingine.

Kuhusu paa la chuma la kujikunja, kama la SLK, msimamo wangu ni kwamba si la mji ulio mbali na mafundi wake. Ni ufundi wa kuvutia: pampu moja, silinda kadhaa, na sensa zinazohakikisha kila kipande kimefika mahali pake kabla kingine hakijaanza kusogea. Lakini ndani ya silinda hizo mna sili zinazokauka kwa miaka na kuvujisha mafuta, na sensa moja ikikosa kujibu paa zima hugoma. Turubai la kuvuta kwa mkono lina bawaba, komeo mbili na kitambaa ambacho fundi viti hodari anaweza kukishona.

Raba ni sura nyingine ya kalenda. Watengenezaji wa tairi huchanganya ndani yake nta na kemikali za kuzuia ozoni isiikate. Nta hiyo husambaa vizuri juu ya uso tairi linapozunguka na kukunjamana. Gari likikaa, kinga hupungua na nyufa ndogo huanza ubavuni hata kama kashata bado ni nene. Ubavuni huko huko mna namba nne zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na lisipitishe kumi kwa hali yoyote. Bushi, mipira ya breki, mikanda na sili za injini havina namba hizo, lakini vilizaliwa siku moja na gari.

Mafuta ya breki yanatisha zaidi, kwa sababu hayaonyeshi dalili gari likiwa kwenye tambarare. Hunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira, kidogo kidogo, gari litembee au lisitembee. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hicho kinaridhika na nyuzi 155. Sasa shuka kutoka Umatengo, ambako vilele hupita mita 1,500, hadi ziwani, chini ya mita 500. Gari lenye uzito wa kilo 1,350 pamoja na watu wawili, kila linaposhuka mita 100, huachia nishati inayotosha kuchemsha karibu lita nne za maji baridi. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka na gia ndogo, injini hubeba sehemu yake. Ukikanyaga breki mfululizo, diski hubeba yote na kuyapasha joto yale mafuta. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Gari la kilomita 40,000 ambalo mafuta yake hayajabadilishwa miaka minane ni la hatari kuliko la kilomita 140,000 lililotunzwa.

Hewa ya juu ina athari nyingine, ndogo zaidi. Hapa Songea msongamano wake ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, na Njombe pengo hilo hukaribia mara mbili. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho: farasi 120 za Eunos la kwanza hubaki kama 107. Turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi na kufidia, ila kompresa inayoendeshwa na mkanda, kama ya baadhi ya SLK, imefungwa kwenye mwendo wa injini na hupungukiwa vilevile. Sioni kama ni sababu ya kununua turbo. Gari la tani moja halihitaji farasi wengi kupanda mlima wa Lukumburu, njia ya Njombe.

Matuta yanaogopwa kuliko yanavyostahili. Magari haya huwa na nafasi ya sentimita 13 au 14 hivi chini ya tumbo, lakini ekseli zake zimekaribiana: kwenye MX-5 la kwanza umbali ni mita 2.27, wakati saluni nyingi hufikia 2.7. Tumbo hugusa tuta kutegemea vipimo vyote viwili, kwa hiyo gari fupi huvuka mahali ambapo refu la kimo hicho hicho lingekwaruza. Linaloumiza ni gari lililoshushwa springi na mwenyewe wa kwanza ili lipendeze. Liache.

Basi jipya au lililotumika? Jipya halina raba iliyokauka, ila huduma ya waranti, ikiwapo, itakuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Kwa lililotumika, sheria ya kodi inavuta upande ule ule wa kemia. Ushuru wa bidhaa huongezeka kwa ukubwa wa injini, cc 2,000 zikiwa mpaka muhimu, na gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, unaopanda tena baada ya miaka kumi. Kenya hairuhusu kabisa lililozidi miaka minane. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kinakupa makadirio kabla hujatuma shilingi.

Ningechagua MX-5 la kizazi kilichoanza 2015, lisilo na turbo, la gia za mkono, lenye umri usiozidi miaka minane na kilomita 80,000 za kutumika kila wiki, nikaliacha la miaka 16 lenye 30,000. Kwenye karatasi ya mnada ya Japani ningetafuta kwanza herufi S na C, zinazoonyesha kutu, na R, inayoonyesha gari lililotengenezwa baada ya ajali, kabla ya kutazama kilomita. Ningeuliza limeishi wapi: Hokkaido na Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kloridi hubomoa utando unaokinga chuma.

Likifika, mafuta ya breki yabadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya milimani, na mifereji ya paa isafishwe kila Novemba kabla ya mvua. Spea za kawaida, yaani pedi, mikanda, sili za milango na pampu ya maji, ziagizwe mapema, maana zisizopatikana Kariakoo hazitapatikana Songea. Kisha liendeshwe kila wiki, hata mvua ikinyesha, angalau mpaka injini na gia boksi vipate joto kamili: sili hubaki na oili, nta ya tairi husambaa, na kutu nyepesi ya diski hufutwa na pedi kabla haijachimba.