Kabla ya kuuza shamba ili mtoto akasome Ulaya

MAGAMBA, Lushoto

SAFARI ya kwenda kusoma Ulaya si jambo geni nchini. Mwalimu Julius Nyerere aliondoka mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kwa ufadhili, akarejea mwaka 1952 akiwa na shahada.

Hapa Magamba, ambako Chuo cha Sebastian Kolowa kilianza kutoa elimu ya juu mwaka 2007, mzazi anayeishi kwa viazi na kabichi hujiuliza: je, auze shamba ili mwanawe aende?

Jibu linaanzia kwenye hesabu. Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo. Hata hivyo, mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha kuwa anazo fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya Sh milioni 30. Asiye na mfadhili huziweka katika akaunti maalumu, naye huruhusiwa kuchukua euro 992 kila mwezi kwa ajili ya pango, chakula na bima.

Kwingineko milango ya bure imefungwa. Sweden ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland mwaka 2017 na Norway mwaka 2023. Hivyo, simulizi za ndugu aliyesoma huko bure zamani haziwezi kuwa mwongozo wa leo.

Ufadhili upo, ukiwamo wa Erasmus Mundus kwa shahada ya uzamili, DAAD ya Ujerumani na ule wa Jumuiya ya Madola. Maombi hushindaniwa kwa sifa. Anayedai fedha ili "akutafutie nafasi" ni wa kuogopwa.

Aidha, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo hutathmini na kutambua shahada za nje. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipa chochote kama chuo husika kinatambulika.

Utaratibu salama ni barua ya udahili kwanza, kisha ufadhili, ndipo viza. Viza ikikataliwa, fedha za akaunti hurejeshwa, lakini ada ya maombi hairudi. Shamba lililokwisha kuuzwa nalo halirudi.