Kweli au Si Kweli? Nyumba za Makabaila Zilizozungukwa na Maji

Kaskazini mwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, karibu na mji mdogo wa Holt, yapo magofu yanayoitwa Baconsthorpe Castle. Kuta ni za mawe ya gumegume. Pande tatu zimezingirwa na handaki la maji, na upande wa nne kuna ziwa dogo. Anayeyatazama mara moja huwaza majeshi na kuzingirwa. Lakini jeshi halikuwa na kambi hapa. Hii ilikuwa nyumba ya familia ya Heydon, iliyoanza kujengwa karne ya 15, zama za wakili John Heydon, mtu mwenye maadui wengi. Yanayosimuliwa kuhusu nyumba za aina hii yanahitaji kupembuliwa.

Handaki la maji lilichimbwa kwa ajili ya vita.

Mara nyingi si kweli. Uingereza inajulikana kuwa na mahandaki ya namna hii yapatayo 6,000, na mengi yalichimbwa kati ya 1250 na 1350, hasa katikati na mashariki mwa nchi. Zingekuwa ngome zote hizo, askari wa kuzilinda wangetoka wapi? Maji yalizuia wezi na wanyama waharibifu, udongo uliochimbwa uliinua kiwanja, na samaki walifugwa humo humo. Zaidi ya yote, handaki lilitangaza cheo. Mgeni alilazimika kupita darajani na kuingia kwa lango moja, na kabla hajabisha hodi alikwishajua kwamba anafika kwa mtu mkubwa.

Waliojenga walikuwa mashujaa wa vita.

Si kweli. Heydon alikuwa mtu wa sheria, na vizazi vyake vilitajirika kwa kufuga kondoo. Kule Shropshire, magharibi mwa nchi, nyumba ya Stokesay ilijengwa na Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Mwaka 1291 Mfalme Edward I alimpa kibali cha kuijengea kuta zenye meno juu. Ina mnara na ilizungushiwa handaki, ila ukumbi wake una madirisha marefu ambayo mtu anayeogopa kushambuliwa asingethubutu kuyaweka. Laurence alizama baharini mwaka 1294 akisafirisha sufu.

Bila kibali cha mfalme hakuna aliyethubutu kujenga.

Si kweli. Kibali kilitafutwa, naam, lakini kilikuwa heshima zaidi kuliko sharti. Akina Heydon walijenga kwanza. Kibali chao ni cha mwaka 1561, zaidi ya miaka 100 baada ya ujenzi kuanza.

Basi yote yalikuwa mapambo, hakuna aliyewahi kupigana.

Hili nalo si kweli, na wanaolisema wamevuka mpaka upande wa pili. Kilomita chache kutoka Baconsthorpe kipo kijiji cha Gresham, chenye mabaki ya nyumba nyingine iliyozungukwa na handaki. Jaji William Paston aliinunua mwaka 1427. Februari 1448 kabaila mmoja, Lord Moleyns, aliinyakua kwa nguvu, na akina Paston waliamini kabisa kwamba mchochezi alikuwa jirani yao, yule yule John Heydon.

Barua za familia ya Paston zimehifadhiwa hadi leo, na ndizo zinazotuonyesha mambo kwa karibu. Mwaka huo huo Margaret Paston, akiwa katika nyumba nyingine hapo Gresham, alimwandikia mumewe John aliyekuwa London. Alimwomba pinde za mtambo na mishale yake, kwa kuwa dari zilikuwa chini mno mtu kuvuta upinde mrefu. Akamweleza jinsi watu wa Moleyns walivyoikaza nyumba waliyoiteka: wameweka makomeo milangoni na kutoboa matundu matano ya bunduki, yakiwa kimo cha goti tu kutoka sakafuni. Katika barua hiyo hiyo aliagiza ratili moja ya lozi na ratili moja ya sukari. Namheshimu sana mwanamke huyu: hatari imemkalia mlangoni, na jikoni hajakusahau.

Baadaye watu wa Moleyns waliishambulia nyumba aliyokuwamo Margaret. Katika malalamiko yake, John Paston alidai walifika kama 1,000, wakati mkewe alikuwa na watu 12 tu. Walichimba chini ya ukuta wa chumba alichokuwamo Margaret, ukaanguka, wakambeba mpaka nje ya lango. Akina Paston walirudishiwa Gresham mwaka 1451. Kwa hiyo hatari ilikuwepo. Ila haikutoka kwa wageni wa ng'ambo; ilitoka kwa jirani anayegombea hati ya shamba.

Magofu haya ni kazi ya mizinga.

Kwa Baconsthorpe, si kweli hata kidogo. Kufikia mwisho wa karne ya 16 akina Heydon walikuwa wakitumia kuliko walichoingiza, na madeni yakawalazimisha kuuza mali kipande kwa kipande. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe John Heydon wa baadaye alipigana upande wa mfalme, na Bunge likaitwaa mali yake. Alipoipata tena hakuikarabati. Aliibomoa na kuyauza mawe yake. Jengo la lango la nje lilibaki kuwa makazi ya watu hadi mwaka 1920, mnara wake mmoja ulipoporomoka. Aliyeivunja Baconsthorpe ni mwenye nyumba mwenyewe.