Mbwa uliyemchukua kituoni ni mwoga tu, au anaumwa?
Umemchukua mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Siku nzima kajikunja chini ya meza, ukimgusa anatetemeka. Wengi husema, "Mwoga huyu, atazoea." Kweli, mbwa aliyezoea kupigwa mawe mtaani huchukua wiki kadhaa kuamini watu. Shida ni kwamba mbwa mgonjwa naye hukaa hivyohivyo: kimya, hachezi, chakula anakinusa tu.

Kwa huku kwetu, cha kushuku kwanza ni homa ya kupe. Kupe wa kahawia humwambukiza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayevamia chembe nyeupe za damu. Homa ya mwanzo ikipita, mbwa anaweza kuonekana mzima kwa miezi, hata miaka, halafu siku moja anatoka damu puani. Kwa hiyo kituo kinaweza kukukabidhi mbwa "mzima" bila kukudanganya.

Usisubiri damu ya pua. Wiki ya kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo, omba apimwe damu. Nyumbani, kama hang'ati, inua mdomo wake wa juu taratibu: fizi zilizopauka au zenye vidoa vyekundu si za kungoja kesho.

Dawa inayotumika sana ni doksisaiklini, kwa kawaida siku 28, apewe na chakula. Hapa ndipo watu huharibu: baada ya siku chache mbwa anachangamka, vidonge vinarudi kabatini. Mmalizishie dozi. Na kupe je? Hutagia kwenye nyufa za ukuta na za banda, kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi.