Mtoto anakojoa sana na anakonda? Aende apimwe sukari

Mama au mlezi wa Majengo, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena ghafla, usimchape. Huenda ana kisukari.

Dalili za kuangalia

- Anakojoa mara nyingi, usiku na mchana. Pengine sisimizi hujaa pale alipokojoa.
- Ana kiu isiyokatika.
- Anakonda ingawa anakula.
- Anachoka, hachezi kama wenzake.

Mara nyingi dalili hizi hudhaniwa ni malaria, UTI au kurogwa. Mtoto akitibiwa malaria na hapati nafuu, omba apimwe sukari. Ni tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka papo hapo.

Akitapika, akiumwa tumbo, akihema kwa nguvu, pumzi ikinukia kama matunda yaliyoiva sana, au akisinzia ovyo, usisubiri kuche. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea saa hiyo hiyo.

Kwa nini mtoto wangu?

Watoto wengi wenye kisukari wana aina ya kwanza. Kinga ya mwili hushambulia kongosho, nalo huacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hukosa nguvu. Hakuletwi na pipi, hakuambukizi, na si kosa lako. Aina ya pili ndiyo huchangiwa na unene. Kwa watoto wote, punguza soda na uwaache wacheze.

Matibabu

Dawa ni sindano za insulini, kila siku, maisha yote. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika, watoto hawa walikufa. Leo wanasoma, wanaolewa, wanazeeka. Dawa za kienyeji na maombi haviwezi kuchukua nafasi ya sindano. Hata mtoto akiumwa na hataki kula, usiache insulini. Mpime sukari na uwasiliane na kliniki wakuelekeze kipimo.

Gharama isikukatishe tamaa. Chama cha Kisukari Tanzania na washirika wake husaidia watoto kupata insulini bila malipo kupitia kliniki. Uliza hospitalini.

Kama huna friji, weka chupa ya insulini kwenye mfuko mkavu usiopitisha maji, kisha ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga wenye unyevu. Kiwe kivulini. Insulini isigande wala isipigwe jua.

Chakula ni kilekile cha nyumbani: ugali wa dona, maharage, mboga za majani, dagaa. Ale kwa wakati, kwa kiasi alichoelekezwa, na uji usiwe na sukari.

Sukari ikishuka

Mtoto akitetemeka, akitoka jasho, akilegea au kuongea ovyo baada ya sindano, huenda sukari imeshuka chini ya 4. Mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari (mdogo sana, kimoja au viwili). Baada ya dakika 15 mpime tena. Asipopata nafuu rudia, kisha ale. Akizimia, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu, mpake sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, mkimbize hospitali.

Mwalimu wake pia ajue haya, na sukari isikose kwenye begi la shule.