Matokeo ya uchaguzi wa wabunge: kwa nini mwenye kura nyingi anaweza kukosa kiti?



Kila baada ya uchaguzi wa wabunge, maneno yale yale husikika sokoni, kisimani, kanisani na msikitini. Mmoja husema: «Mtu wetu alipata kura nyingi, mbona ameingia yule mwingine?» Mwenyeji huongeza: «Hawa waliokimbilia kwetu ndio waliotuharibia hesabu.» Na mhamishwaji hujibu: «Sisi hatuna mbunge. Sauti yetu ilibaki kijijini.»

Maneno haya yasipopata jibu, huwagombanisha watu wanaochota maji mahali pamoja. Basi tueleze namna kura inavyogeuka kuwa kiti, na mahali pa kuuliza mtu asiporidhika.

Je, viti vya teritwari hutoka wapi?

Bunge la taifa kule Kinshasa lina viti 500. Viti hivyo havigawanywi kwa ukubwa wa ardhi wala kwa idadi ya makabila. Hugawanywa kwa hesabu ya watu walioandikishwa kupiga kura. Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, walioandikishwa nchini walikuwa karibu milioni 44. Ukigawanya kwa 500, unapata watu wapatao 88,000 kwa kila kiti. Teritwari yenye waandikishwa wengi hupata viti zaidi. Yenye wachache hupata vichache, lakini kila moja haikosi angalau kiti kimoja.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa mhamishwaji. Tuseme jamaa imekimbia vita vya Salamabila, katika Kabambare, ikafika Kasongo na kuandikishwa huko. Jamaa hiyo imehesabiwa Kasongo, na kura yake huchagua wabunge wa Kasongo. Ikirudi nyumbani bila kuhamisha jina lake, bado itakuwa kwenye orodha ya Kasongo. Wengi wakifanya hivyo, Kabambare huonekana ndogo katika hesabu, hata kama mashamba na makaburi ya wazee wao yako kule.

Kwa hiyo si kweli kwamba mhamishwaji anamnyang'anya mwenyeji kiti. Kuandikishwa kwake huongeza hesabu ya teritwari iliyompokea. Ambao wanaweza kupungukiwa ni wale aliowaacha nyuma. Naye hakukimbia kwa kupenda.

Kuna walioumia zaidi. Mwaka 2023 watu wa Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, na wa Kwamouth katika Mai-Ndombe, hawakuchagua wabunge kabisa, kwa sababu vita vilizuia kazi ya kuandikisha.

Je, kura hugeukaje kuwa kiti?

Mahali penye kiti kimoja tu, hesabu ni rahisi: mwenye kura nyingi ndiye anayeingia. Lakini mahali penye viti viwili au zaidi, kura za wagombea wa chama kimoja hujumlishwa kwanza. Tutoe mfano wa kubuni.

Teritwari moja ina viti 3 na kura halali 60,000. Gawanya 60,000 kwa 3: bei ya kiti kimoja ni kura 20,000.

- Orodha ya kwanza ina kura 31,000. Inanunua kiti 1 na kubakiwa na 11,000.
- Orodha ya pili ina kura 15,000. Haifikii bei, inabaki na 15,000 zake.
- Orodha ya tatu ina kura 14,000. Nayo inabaki na zote.

Viti viwili bado havijapata mwenyewe. Hupewa orodha zenye masalio makubwa zaidi: ya pili (15,000) na ya tatu (14,000). Kila orodha imepata kiti 1.

Sasa tuangalie watu. Katika orodha ya kwanza, wagombea watatu walipata kura 12,000, 10,000 na 9,000. Kiti chao ni kimoja, kwa hiyo anaingia yule wa 12,000 peke yake. Katika orodha ya pili, aliyeongoza alipata 7,000 tu, naye anaingia. Mwenye 10,000 anabaki nyumbani, mwenye 7,000 anakwenda Kinshasa! Watu wa yule wa kwanza watapiga kelele kwamba wameibiwa. Lakini hapa hakuna aliyeiba. Ndiyo sheria ya hesabu.

Tena kuna mlango mwingine kabla ya huo. Tangu sheria ya Desemba 2017, chama au muungano wa vyama ambao haukupata asilimia 1 ya kura za nchi nzima hauingii katika mgawanyo. Mwaka 2023 ni vyama na miungano 44 tu iliyopita mlango huo. Kwa hiyo mtu anaweza kupendwa sana katika teritwari yake akakosa kiti kwa sababu chama chake ni kidogo huko kwingine.

Je, wizi haupo?

Upo, na hatuwezi kuuficha. Tarehe 5 Januari 2024, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine. Ilifuta pia uchaguzi mzima wa Masimanimba na wa Yakoma. Watu wa huko walirudia kupiga kura Desemba 2024. Ndiyo maana ni lazima kutofautisha wizi na hesabu ambayo hatukuielewa. Njia ya kufuata ni hii:

1. Kwenye ofisi ya kupigia kura: mashahidi wa vyama hutia sahihi matokeo na kupewa nakala, na karatasi ya matokeo hubandikwa hadharani. Isomeni na kuiandika siku ile ile.

2. Kwenye kituo cha kukusanya matokeo: hapo karatasi za ofisi zote hujumlishwa. Shahidi alinganishe hesabu ya kituo na nakala yake.

3. CENI hutangaza matokeo ya muda. Kwa uchaguzi wa 2023, ya wabunge wa taifa yalitoka katikati ya Januari 2024.

4. Mgombea au chama kisichoridhika kina siku 8 za kushitaki mbele ya Mahakama ya Katiba, nayo ina miezi 2 ya kukata maneno. Machi 2024 Mahakama ilitoa hukumu zake, na baadhi ya waliotangazwa Januari walipoteza viti.

Mwananchi wa kawaida hawezi kushitaki mwenyewe, lakini anaweza kumpa mgombea ushahidi: hesabu aliyoiandika kwenye karatasi ya mlangoni. Ushahidi huo una nguvu kuliko mawe mia barabarani.

Je, aliyeshinda hutawala peke yake?

Mara nyingi hapana. Mwaka 2006 chama cha PPRD kiliongoza kwa viti 111 kati ya 500. Katika matokeo ya Januari 2024, UDPS iliongoza kwa viti 69. Lakini walio wengi ni 251. Kwa hiyo kila aliyeongoza alilazimika kutafuta wenzake.

Hata nchi ndogo zenye utulivu hufanya hivyo. Luxembourg, huko Ulaya, ina Bunge la viti 60. Oktoba 2023 chama cha CSV kiliongoza kwa viti 21, kikaungana na DP yenye 14 ili kuunda serikali. Waliokuwa wapinzani wakati wa kampeni walikaa meza moja wiki chache baadaye.

Ni hivyo hata kwetu: wanasiasa waliotukanana jana hupatana kesho Kinshasa. Lakini nyumba iliyochomwa kijijini kwa ajili yao haijengwi tena na mbunge. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Tufanye nini?

Kwa jamaa za wahamishwaji: tunzeni vizuri kadi ya uchaguzi. Wakati wa kuandikisha ukifika, amueni pamoja mahali mtakapokuwa, na kila mtu ajiandikishe mara moja tu. Kujiandikisha mara mbili ni kosa.

Kwa machifu, viongozi wa dini na wa vikundi vya akina mama: waketisheni wenyeji na wahamishwaji pamoja kabla ya uchaguzi, mueleze hesabu hii kwa mawe au punje za mahindi. Atakayekuja na neno la «tumeibiwa», muulizeni kwa upole: ofisi gani, kura ngapi, nakala iko wapi?

Akiwa na jibu, msindikizeni kwa mgombea wake mapema, maana siku 8 hupita upesi. Asipokuwa nalo, fanyeni naye hesabu upya, polepole, mpaka aelewe.