Baka Lisilopona Chini ya Sitara

Joto la mwambao wetu, kutoka Mkinga hadi Pangani, haliihurumii ngozi iliyofunikwa. Jasho hukaa chini ya matiti, upele hutoka, na mama hununua dawa ya fangasi pasipo kumwambia yeyote. Mara nyingi hupona, alhamdulillahi. Sisi tunauzungumzia ule usiopona.

Ipo saratani adimu iitwayo limfoma ya ngozi. Huanzia katika chembe nyeupe za damu, ambazo Mola ameziweka ziulinde mwili, zinapozaana kupita kiasi ndani ya ngozi. Aina yake mashuhuri ilielezwa mwaka 1806 na tabibu Alibert wa Paris, ambaye baadaye aliipa jina la fangasi kwa kuwa vivimbe vyake vilifanana na uyoga. Kosa la duka la dawa, basi, lina ukoo mrefu! Maradhi haya hupenda pasipopigwa jua: matiti, makalio, mapaja. Katika ngozi nyeusi baka laweza kuwa jeupe-jeupe, likadhaniwa mba au ukoma. Pengine hukaa miaka bila maumivu, na dawa za steroidi hulifubaza kwa muda, kisha likarudi.

Macho peke yake hayatoshi kulitambua. Hukatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwa kwa hadubini, na huenda kipimo kikarudiwa. Likigunduliwa mapema, wengi huishi nalo miaka mingi kwa dawa za kupaka, mwanga maalumu au mionzi. Kwa watu wa Tanga safari huanzia Bombo. KCMC Moshi pana chuo cha madaktari wa ngozi tangu 1992, na mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam.

Kinachowachelewesha mama zetu ni haya. Nayo ni katika imani, hatuibezi. Lakini Rubayyi' bint Muawwidh (r.a.) amesimulia jinsi wanawake walivyotoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.) wakiwahudumia majeruhi, na wanazuoni wakapata humo ruhusa ya kutibiana mwanamume na mwanamke panapo haja. Tabibu mwanamke akiwapo, aanzwe yeye. Asipokuwapo, hufunuliwa palipo na ugonjwa tu, naye mume au maharimu awe karibu.

Mwendapo, chukueni kasha la kila dawa iliyopakwa. Mwelezeni tabibu baka lilianza lini, na kama lipo jingine mwilini. Ikiwa kidonda ki kwenye chuchu, msingoje kabisa: hiyo yaweza kuwa saratani ya titi lenyewe.