DAKIKA ZA KWANZA ZA MOTO

Mji wa Kigali unapozidi kupanuka, ni dhahiri kwamba ulinzi dhidi ya moto hauwezi kuachiwa Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji peke yake. Mwaka 2014, moto ulizuka katika gereza la Muhanga mwezi Juni, na katika gereza la Rubavu mwezi Julai. Katika mji mkuu wenyewe, eneo la Gakinjiro huko Gisozi, ambako karakana za maseremala zimebanana, limeungua zaidi ya mara moja, ukiwemo mwaka 2021.

Kikosi hicho ni sehemu ya Polisi ya Taifa. Lakini Kigali ni mji wa vilima, na gari lenye shehena ya maji huhitaji muda kufika. Katika muda huo aliye karibu na moto ni askari wa doria, au kiongozi wa umudugudu, au mtumishi wa DASSO, yaani chombo cha usalama cha wilaya kilichoundwa mwaka 2013. Ndiyo sababu mafunzo ambayo Polisi huwapa watu hao si jambo la ziada, bali ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Msingi wa mafunzo ni huu: moto huishi kwa joto, kitu kiwezacho kuungua, na hewa. Kimojawapo kikiondolewa, moto hufa. Asiyejua hivyo, hata awe shujaa namna gani, aweza kuwadhuru anaowaokoa. Maji yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka, moto hulipuka na kusambaa; yakimwagwa penye umeme, huweza kumwua amwagaye. Sufuria ya mafuta hufunikwa. Umeme hukatwa kwanza. Mwenye mtungi wa kuzimia moto huupa upepo mgongo, huelekeza dawa kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, na huacha njia ya kutokea nyuma yake. Aliyezingirwa na moshi hutambaa, kwa kuwa hewa iliyo afadhali iko chini.

Askari wanajua kwamba utaratibu hutangulia ujasiri. Taarifa kwanza, watu pili, mali mwisho. Moto ukizidi uwezo, kazi iliyobaki ni kuwazuia watu wasiingie na kuwafungulia njia wazimamoto.

Basi kila kambi, kila kituo na kila ofisi ya sekta haina budi kujua mtungi wake uko wapi, na ni nani kati ya walio zamu awezaye kuutumia. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.